Shajara ya kuhamisha barua pepe za ofisi, Tanga

Machi 3, Jumatatu

Ofisi ni ya mawakala wa forodha, ghorofa ya pili, si mbali na lango la bandari. Malalamiko niliyopewa yalikuwa sentensi moja: "Barua pepe hazifiki." Haziingii au hazitoki? Hazimfiki kila mtu, au mteja mmoja tu? Zinarudi na maelezo, au zinapotea kimya? Nimekaa na dada wa mapokezi, dada wa uhasibu na kijana wa nyaraka, nikamuuliza kila mmoja maswali hayohayo, na majibu yametofautiana kabisa. Mapokezi barua zinazoingia hazionekani. Uhasibu ankara zinaangukia kwenye barua taka za wateja. Kijana wa nyaraka zake zinafika, ila kwa kuchelewa. Ni matatizo matatu yaliyopewa jina moja, na kila moja lina dawa yake.

Kwa watu hawa kuchelewa kuna bei. Hati ya kutolea mzigo ikikaa njiani nusu siku, lori linasubiri, dereva anasubiri, na gharama za kuhifadhi kontena zinaanza kuhesabika.

Leo sijagusa mpangilio wowote. Nimeomba barua zilizorudi tu, nzima nzima, siyo picha ya skrini iliyokatwa nusu na kutumwa kwa WhatsApp. Wengi huifuta barua ya kurudi kwa sababu imejaa maandishi yasiyoeleweka, na ndiyo yenye jibu. Tafuta namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, seva ya mpokeaji, yaani kompyuta inayompokelea barua, imesema "jaribu baadaye", na seva yako itaendelea kujaribu yenyewe, mara nyingi hadi siku 5. Ikianza na 5, imekataa. Kutuma tena bila kubadilisha kitu ni kupoteza muda. Kisha soma namba yenye nukta inayofuata. 5.1.1 maana yake jina la mpokeaji halipo, kagua herufi moja moja. 5.2.2 kikasha chake kimejaa. Zinazoanza na 5.7 ni mambo ya usalama: hujaruhusiwa, au unashukiwa. Zetu nyingi ni za 5.7.

Machi 4, Jumanne

Kijana wa nyaraka ana kesi. Alituma hati asubuhi, mteja wa Moshi anasema ameipata alasiri, na bosi amemlaumu kwa uzembe. Nimemwomba mteja aturudishie barua ile ikiwa kiambatisho, maana ukiielekeza kwa njia ya kawaida ile historia ya safari yake haiji nayo.

Tukafungua kichwa cha barua, mimi na yeye, kwenye skrini yake. Mistari inayoanza na neno Received husomwa kutoka chini kwenda juu. Kila seva inayoipokea barua inagonga muhuri wake juu ya mihuri ya waliotangulia, kama bahasha inayopita posta kadhaa. Muhuri wa chini kabisa: 07:42. Wa juu kabisa: 11:55. Nafasi yote hiyo ya saa nne na zaidi iko kati ya seva inayotuhudumia na seva ya mteja. Kompyuta yake iliitoa barua papo hapo. Amenyanyuka akaenda kumwonyesha bosi mwenyewe.

Hapa kuna jambo la kumrahisishia kazi yeyote anayesoma mihuri hii kwa Kiswahili. Seva nyingi huandika saa ya UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, yenye alama ya +0000, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa 3. Lakini saa yetu ya Kiswahili iko nyuma ya ile inayoonyeshwa na kompyuta kwa saa 6. Kwa hiyo toa 3 tu kwenye saa ya UTC: 07:42 ni saa nne na dakika 42 asubuhi. 11:55 ni saa nane na dakika 55 mchana. Kijana alikumbuka vizuri kwamba alituma "kwenye saa nne na nusu hivi".

Sababu ya kuchelewa imepatikana kwenye kumbukumbu za seva. Barua zetu zinatoka kwenye seva ya pamoja, tunayotumia na makampuni mengine mengi kwa anwani moja ya IP, namba inayoitambulisha seva mtandaoni. Jirani mmojawapo akimwaga barua taka, anwani inaingia kwenye orodha za watuma barua taka, kama zile za Spamhaus, na sote tunaadhibiwa. Ya kwetu imo. Seva ya mteja ilikuwa ikitujibu 451 kila tulipobisha hodi, mpaka ikakubali. Kuomba kuondolewa kwenye orodha ni kazi ya mwenye anwani ya IP, siyo yetu, na akisafisha leo jirani anaweza kuichafua tena kesho. Kuhama kumeanza kuonekana.

Machi 5, Jumatano

Nimekagua rekodi za DNS, daftari la mtandao linaloeleza jina la kampuni linahudumiwa na seva zipi. SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, nimezikuta mbili. Moja iliwekwa na aliyetengeneza tovuti, nyingine na aliyeleta programu ya ankara. Kila mmoja aliweka yake akaondoka. Kwa kanuni, domeni (jina linalofuata alama ya @) yenye rekodi mbili za SPF haina SPF: mpokeaji anahesabu hitilafu na kuzipuuza zote. Dawa ni kuziunganisha ziwe mstari mmoja, na kuhakikisha mstari huo hauhitaji maulizo ya DNS zaidi ya 10, kwa sababu ukipita hapo nao unahesabiwa hitilafu. DKIM, sahihi ya kidijitali, haipo kabisa. DMARC, agizo linalomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi huo, haipo.

Hii inaeleza ankara kuangukia barua taka. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: kila anayetuma kwao anatakiwa awe na SPF au DKIM, na anayetuma kwa wingi, ambao Google wanauhesabu kuwa barua 5,000 au zaidi kwa siku, anatakiwa awe nazo zote mbili pamoja na DMARC. Ofisi hii haikaribii idadi hiyo, lakini kuweka zote tatu ni gharama ya jioni moja, na hakuna sababu ya kukaa kwenye kiwango cha chini.

Tatizo kubwa la leo si rekodi. Nilipotaka kuzibadilisha, nimegundua kwamba domeni ya kampuni, ya .co.tz, iliandikishwa na mfanyakazi aliyeondoka zamani, kwa barua pepe yake binafsi. Maana yake taarifa ya kulipia upya inakwenda kwake. Siku moja domeni ingekwisha muda, barua zote zingekatika, na ofisini asingejua mtu kwa nini. Nimewaambia waziwazi kwamba hili ndilo jambo la hatari kuliko yote niliyoyakuta. Barua ya kampuni yenye muhuri imeandikwa leo hii kwenda kwa msajili, na nakala ya cheti cha usajili wa kampuni. Jina la mwenye domeni liwe la kampuni, na anwani ya mawasiliano isiwe ndani ya domeni hiyohiyo. Domeni ikizimika, utapokea wapi onyo?

Machi 6, Alhamisi

Kikao na mkurugenzi. Nimemwamkia, akaitikia, akaingia moja kwa moja.

"Mwanangu, mimi nataka seva iwe hapa ofisini. Kitu changu nikione kwa macho."

"Mzee, nakuelewa. Naomba nikueleze kitakachotupata."

Nimemweleza. Umeme ukikatika, seva za wengine zitajaribu tena kwa siku kadhaa, hilo tungevumilia. Lakini hewa ya hapa ina chumvi na unyevu. Kompyuta ya ghorofani ukiifungua utaona kutu kwenye matundu ya nyuma ya kuchomekea nyaya. Kubwa zaidi, kutuma kunahitaji mlango namba 25, ule ambao seva hupitishiana barua, uwe wazi, anwani ya IP isiyobadilika, na rekodi ya PTR inayorudisha anwani hiyo kwenye jina la seva. Kwa intaneti ya kawaida ya ofisi vitu hivyo huvipati, na hata ukivipata, anwani mpya isiyojulikana inaanza kwa kushukiwa. Na nani ataiamkia usiku?

Akauliza barua zake zitakuwa za nani zikikaa kwa watu. Swali zuri. Tumekubaliana: huduma ya kulipia kwa mwezi, mkataba uwe kwa jina la kampuni, wasimamizi wawe wawili, na nakala rudufu kila wiki kwenye diski inayokaa ofisini kwake, kabatini. Ya kuona kwa macho ataipata.

Machi 10 hadi 12

Maandalizi. Haya ndiyo yanayoamua kama siku ya kuhama itakuwa shwari.

Orodha ya anwani kwanza. Anwani ya info ilikuwa imewekwa kwenye kompyuta tatu kwa POP3, na hapo ndipo tatizo la mapokezi lilipokuwa. POP3, isipoambiwa iache nakala, inazishusha barua na kuzifuta kwenye seva. Anayefungua kompyuta mapema ndiye anayezipata zote, na mwezi huu wa Ramadhani anayefika wa kwanza ni mlinzi wa ghala, ambaye aliwekewa anwani hiyo zamani na hana habari nayo. Barua za wateja zimelala kwenye kompyuta ya ghalani. Anwani za ofisi nzima zinatakiwa ziwe kikasha cha pamoja kwa IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva, kila mtu anaingia kwa jina lake.

Barua za uhasibu za miaka mingi ziko ndani ya faili moja la PST, ghala la barua la programu ya Outlook, kwenye diski ya kompyuta moja, bila nakala popote. Nimelinakili kabla ya kufanya lingine lolote, kisha nikaanza kuzipandisha kwenye kikasha kipya usiku, intaneti ikiwa nyepesi. Vikasha vilivyokuwa kwenye seva vinahama vyenyewe kwa imapsync, programu ya kunakili vikasha kati ya seva mbili, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuirudia. Inachukua zilizoongezeka tu.

Halafu vitu visivyo watu. Mashine ya kunakili inatuma skani kwa neno la siri la dada wa uhasibu. Programu ya ankara inatuma kwa njia yake. Fomu ya tovuti inatuma kwa njia nyingine. Hivi vitatu ndivyo hukatika kimyakimya baada ya kuhama, kwa kuwa hakuna anayelalamika mpaka wiki ipite. Kila kimoja nimekifungulia akaunti yake.

Mwisho, rekodi ya MX, inayosema barua za domeni zipelekwe seva gani, nimeishushia TTL, muda ambao wengine wanaikumbuka kabla ya kuuliza upya, kutoka sekunde 14400 hadi 300. Inabidi ufanye hivi mapema, angalau kwa muda wa ile TTL ya zamani, la sivyo dunia itaendelea kukumbuka njia ya zamani kwa saa 4.

Machi 13, Alhamisi

Leo ningependa iandikwe kwa urefu.

Nikiwa nahamisha kikasha cha uhasibu nimepitia vichujio vyake kwenye seva, kama ninavyofanya kwa kila kikasha. Kimoja hakina jina, ni nukta tu. Kinasema: barua yoyote yenye neno invoice, malipo au benki, itume nakala kwenye anwani fulani ya nje, kisha iweke alama kwamba imeshasomwa. Nimemwita dada wa uhasibu. Hajawahi kukiona, na anwani ile haijui. Mikono ilianza kumtetemeka, nikamwambia akae, hili limewapata wahasibu wenye uzoefu mkubwa, siyo kosa la kumfanya mtu ajione mbaya.

Mtindo wenyewe unajulikana. Mtu anapata neno la siri, mara nyingi kwa ukurasa wa uongo wa kuingilia, lakini haibi kitu siku hiyo. Anaweka kichujio, anasoma kwa wiki kadhaa, anajifunza nani anadaiwa nini. Ankara kubwa ikikaribia, anaandika kwa mteja: akaunti yetu ya benki imebadilika.

Tukapiga simu kwa wateja wote wenye ankara za wazi. Mmoja, wa Arusha, alikuwa ameshaipata barua hiyo na alikuwa hajalipa. Alishtuka kwa sababu moja: "Dada huyu haandiki bila kuniulizia hali ya nyumbani. Hii ilianza na hela." Barua ilitoka kwenye domeni inayofanana na yetu, herufi m imebadilishwa kwa r na n zilizosogeana. Kwa macho ya haraka huoni.

Waliokutwa na hili wafuate mpangilio huu, maana kubadilisha neno la siri peke yake hakutoshi. Chukua kwanza picha ya kichujio na nakala ya kumbukumbu za kuingia, ni ushahidi. Futa kichujio. Kagua pia uelekezaji wa kikasha kizima, uko mahali tofauti na vichujio. Badilisha neno la siri, kisha ondoa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyokwishaingia, kwa sababu aliye ndani anaweza kubaki ndani. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Kagua vikasha vya wengine. Kwenye barua hizo kuna majina, namba na vitambulisho vya wateja, kwa hiyo nimemkumbusha mkurugenzi Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwanasheria wa kampuni ameshapewa nakala.

Na kuanzia leo, mabadiliko yoyote ya akaunti ya benki yanathibitishwa kwa simu, kwa namba iliyokuwepo kabla, siyo iliyoandikwa kwenye barua yenyewe. Tangazo limebandikwa uhasibu na limetumwa kwa wateja.

Machi 14, Ijumaa

Baada ya futari nimebadilisha MX. Saa tatu usiku barua ya kwanza imeingia upande mpya.

Kuna mtego mmoja hapa. Seva ya zamani bado inahudumia tovuti, na bado inaamini kwamba barua za domeni hii ni zake. Fomu ya tovuti ikituma kwetu, seva haiulizi MX, inaziweka kwenye kikasha chake cha zamani na kusema zimefika. Kwenye ukurasa wa usimamizi wa seva hiyo kuna sehemu ya njia ya barua. Ibadilishwe iseme kwamba barua zinapokelewa kwingine. Nimeijaribu fomu kabla na baada. Kabla, ilipotelea kulekule. Baada, imeingia.

Vikasha vya zamani havifutwi kwa sasa. Nitarudia imapsync ili kuokota zilizochelewa.

Machi 17, Jumatatu

Simu tangu saa mbili. Nyingi ni za neno la siri, zimekwisha haraka.

Kompyuta ya ghala la Pongwe ndiyo iliyonichukua muda. Inakataa seva, inasema cheti cha usalama si halali. Waliokuwa hapo wamezoea kubonyeza "endelea tu", na simlaumu mtu, ila zoea hilo ni baya, kwa sababu siku cheti kikiwa cha uongo kweli watabonyeza hivyohivyo. Nimeangalia kona ya skrini: tarehe ni Januari 1, 2009. Kwa kompyuta hiyo cheti chetu bado hakijazaliwa. Betri ndogo ya ubaoni, ile bapa ya CR2032, imekufa, na kila umeme ukikatika saa inarudi mwanzo. Betri mpya imenunuliwa Ngamiani, tarehe ikawekwa, barua zikaingia. Kwa hitilafu yoyote ya cheti, tazama saa ya kompyuta kabla ya kitu kingine.

DKIM nayo ilikataa kupita. Ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255 zinazobebwa na kipande kimoja cha rekodi ya TXT, na ukurasa wa kuwekea rekodi za DNS uliukata bila kusema. Nimeugawa vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, sasa unapita.

Machi 19, Jumatano

Viambatisho. Kijana wa nyaraka anasema kikomo ni megabaiti 25 lakini faili la 20 linakataliwa. Ni kweli, na seva haijakosea. Barua pepe hubeba faili kwa kuligeuza kuwa maandishi, na ugeuzaji huo unaongeza ukubwa kwa takriban asilimia 33. Faili la 20 linakuwa karibu 27. Hesabu 18 kuwa ndiyo mwisho wako.

Dawa yenyewe iko kwenye skana. Ilikuwa imewekwa rangi, nukta 600 kwa inchi, kwa karatasi za maandishi meusi. Nimeiweka kijivu, nukta 200. Mihuri inasomeka na hati nzima haifiki megabaiti 2.

Machi 24, Jumatatu

DMARC imewashwa kwa p=none, yaani msikatae chochote, ila mniletee taarifa. Taarifa zinakuja kwa XML kila siku, na zinaonyesha kila anwani ya IP iliyotuma kwa jina letu. Zetu zinapita. Programu ya ankara inapita SPF, lakini inaanguka kwenye ukaguzi wa DMARC kwa sababu anwani yake ya kurudishia barua iko kwenye domeni ya mtengenezaji, hailingani na inayoonekana kwa mpokeaji. Nimewaandikia wawashe DKIM kwa domeni yetu. Zimo pia anwani chache za nje tusizozijua, zikijaribu kutuma kama sisi.

Ukirukia p=reject, yaani kataeni kabisa, siku ya kwanza, ankara zako mwenyewe ndizo zitakazokataliwa. Na usisahau wateja wanaojielekezea barua kwenda kikasha kingine: uelekezaji unavunja SPF, na ni DKIM inayowaokoa.

Aprili 7, Jumatatu

Baada ya Idi. Msajili amekamilisha, domeni ni ya kampuni. Programu ya ankara sasa inatia sahihi ya DKIM. Taarifa ni safi kwa upande wetu, kwa hiyo leo saa kumi jioni nimepandisha DMARC kuwa p=quarantine: wanaojifanya sisi waende kwenye barua taka. TTL ya MX imerudi juu.

Nimejaribu pia kurudisha nakala rudufu, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kurudishwa bado ni tumaini tu. Dada wa uhasibu amechagua barua ya mwaka jana, nikaifuta kwenye kikasha cha majaribio, tukaitoa kwenye diski ya kabatini kwa mzee. Imerudi na kiambatisho chake.

Yaliyobaki: kumfundisha kijana wa nyaraka kusoma taarifa za DMARC, maana yeye ndiye msimamizi wa pili na ameonyesha moyo, kufunga vikasha kwenye seva ya zamani mwisho wa mwezi, na mashine ya kunakili ya pili, ambayo haijui TLS mpya, ulinzi wa barua ikiwa njiani, na itabidi ibadilishwe au ihifadhi skani kwenye folda ya mtandao badala ya kutuma. Bei ya mashine mpya nimeomba kwa wauzaji wawili, nasubiri majibu.